Soketi ya Kaloleni

Sikuja kusoma, nisidanganye.
Nilifuata stima:
kwetu Jericho tokeni zilikwisha Jumapili,
simu imebaki asilimia tatu.

Soketi nzima ni moja tu,
nyuma ya rafu ya kilimo.
Bi. Kasyoka akanitazama juu ya miwani.
"Hapa si kampuni ya umeme," akasema,
kisha akasogeza kiti.

Mkono usio na simu huhangaika.
Wangu ukavuta kitabu cha nyuki,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ukurasa wa arubaini na moja, kwa penseli:
"Huyu hajawahi kuumwa na nyuki."
Chini yake, mwandiko mwingine:
"Mimi nimeumwa. Anasema kweli."
Na wa tatu, wino wa buluu uliofifia:
"Mizinga yenu iko wapi? Nije."

Mtaani wanasema maktaba imezeeka,
kila kitu siku hizi kimo simuni.
Huenda.
Yangu ilikuwa imejaa tangu saa tisa,
nami bado nimeinama pale,
natafuta kama kuna aliyejibu.

Kengele ya kufunga ikalia.
Nikaomba penseli.
Bi. Kasyoka akaijua nia yangu;
akageuka, akajifanya anapanga kadi.