Bado

Edinburgh, saa kumi na moja alfajiri.
Mvua inasita kuwa theluji.
Nimezipasha hamira hadi nyuzi thelathini na tano:
jeni imelegea,
kimeng'enya chake, msemaji wa "bado", kimenyamaza,
na chini ya darubini seli zinagawanyika
kabla ya kimo,
vipande vifupi, kama chenga za mchele.

Hazifi. Hilo ndilo linalonikera.

Eilidh, anayepiga deki,
akachungulia, akacheka:
"Vichanga vinazaa!"

Mimi nilitoka kwetu na miaka kumi na saba,
sanduku moja, sentensi tatu za Kiingereza.
Nani alinipima
akasema: haya, umetosha, meguka?

Nashusha joto.
Nangoja.
Zinaanza kurefuka tena,
bila kinyongo,
na sakafu ya Eilidh bado haijakauka.