Pipa Nyuma ya Ukuta

Kiingilio mia tatu; ukija na kigoda chako, mia mbili.
Mimi ndiye niliyekaa mlangoni na kopo la sarafu.
Banda la Malegesi lipo Mabatini, limeliegemea jabali
kama mlevi aliyeegemea bega la mkewe:
kuta tatu za bati, wa nne ni jiwe lenyewe.

"Leo ya Meksiko," alitangaza. "Si ya ngumi."
Wakaguna. Wabebaji wa Mwaloni walitaka ngumi,
dagaa bado wananuka viganjani,
chumvi imewakaukia shingoni.
"Kaeni. Hii ina mheshimiwa ndani."
Wakakaa.

Malegesi hajui Kispanyola, hilo hatufichani.
Anashika maiki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na mtu wa kule akifumbua mdomo
yeye anamtilia Kiswahili,
kama unavyomlisha mgonjwa uji.

Mheshimiwa ana kofia pana
na tumbo linalotangulia kuingia.
Kijiji ni vumbi tupu. Wanawake wamepangwa mstari,
watoto wamegawiwa vibendera.
"Ndugu wananchi," Malegesi akamsemea,
"upembuzi yakinifu umekamilika!
Upembuzi nimewaachia wataalamu.
Yakinifu ninayo mfukoni."
Tukacheka hadi mabati yakaitikia.

Bomba likafunguliwa. Maji yakatoka!
Tarumbeta, padri, bibi mmoja akapiga magoti topeni.
"Na maji haya ni ya kudumu," akasema Malegesi,
"yatadumu mpaka gari langu likate kona."

Kisha kamera ikazunguka nyuma ya ukuta,
polepole, kama jirani anayechungulia jiko la watu.
Pipa.
Ngazi ya miti, na mtoto kifua wazi
anapanda na ndoo, anamimina, anashuka,
anapanda, anamimina.
Hasemi neno.
Malegesi naye akakosa la kumsemea.
Maiki ikabaki inapumua.

Ndipo huko nyuma, kwa Nyanzobe muuza mihogo,
ikatoka sauti, si kubwa:
"Sisi tulikuwa wawili. Mimi na marehemu Bugumba.
Walitupa soda moja. Tukagawana."

Hakuna aliyegeuka.
Mlangoni nilipokaa ziwa linaonekana lote,
limetandikwa kule chini kama shuka la hoteli,
taa za Kapripointi zinajitazama humo.
Huku kwetu ndoo ni mia tano, na ukipanda zaidi, mia saba;
bei inahesabiwa kwa magoti ya mbebaji.
Bomba tunalo pia. Tulizinduliwa.
Kibao cha marumaru kipo hadi leo,
mama mmoja hukitumia kusugulia visigino.

Mwisho wa sinema siukumbuki vizuri.
Nadhani mheshimiwa alipandishwa cheo.

Kesho yake akaja mtendaji wa mtaa, Bwana Kulwijila,
kalamu mbili kifuani, viatu vimefutwa vumbi pale pale mlangoni.
Akaulizia leseni. Akaisoma pande zote mbili.
Akauliza: hiyo sinema ya jana inasema nini?
"Sijui, mkuu," Malegesi akajibu. "Ni Kispanyola."
"Iweke."

Akaketi mbele, peke yake, kwenye kigoda cha Nyanzobe.
Sisi nje, kila jicho na tundu lake la msumari.
Hakutaka tafsiri.
Kwenye tarumbeta hakucheka. Kwenye padri hakucheka.
Ilipofika kwenye pipa akainua mkono.

"Rudisha nyuma kidogo.
Hapo.
Hapo, simamisha."

Akachomoa kalamu moja, akaijaribu kwenye kiganja.
"Nataka kuona," akasema,
"mpira wa maji wameupitisha wapi."