Mgeni wa Wiki Sita

Eilidh alimleta Jumanne, mvua ya Dundee ikinyesha ubavu,
akampandisha hadi ghorofa ya tatu kifuani
kwa sababu ngazi hakuzijua. Ana miezi minane, alisema,
na hakuna ajuaye miezi hiyo ilipita wapi.
Akaniachia chakula, kamba, karatasi ya kutia sahihi:
mimi si mwenye mbwa. Mimi ni mahali pa kusubiria.

Kwenye karatasi aliitwa Biskuti.
Sikulitumia. Jina ni kamba, nilijiambia,
na mimi sifungi. Nikamwita Mgeni,
nikidhani nimekwepa.

Siku mbili alikaa nyuma ya mashine ya kufulia,
macho na pumzi tu.
Siku ya tatu hakungoja kupewa jembe,
alijilimia mwenyewe: chungu cha maua nilichokilea tangu Machi,
udongo zuliani, udongo viatuni,
udongo, sijui kwa njia gani, kwenye mswaki wangu.
Nikacheka peke yangu jikoni, kicheko chenye kutu.

Mama akapiga kutoka Pangani, akasikia kubweka.
"Televisheni hiyo?"
"Mbwa, Mama."
Kimya.
"Ndani? Unaposwali?"
Nikamwambia chumba cha kuswalia nakifunga,
bakuli lake ni lake, kanga zangu ziko juu kabatini.
"Na akikulamba?"
"Naosha. Mara saba, moja kwa udongo."
"Udongo wa Ulaya!" akasema,
kana kwamba huo hauhesabiki.
Kisha, kabla hajakata:
"Ameshakula lakini?"

Swali lilelile alilomuuliza shangazi
kwenye simu ya jirani, mimi nimesimama kando
nikimwona shangazi akiitikia kwa kichwa.

Maana sikumwambia Mama kwamba huyu namjua.
Anavyolala, pua ikielekea mlangoni.
Anavyokula mbio, jicho moja likimpima mwenye sufuria.
Nililelewa nyumba tatu kabla sijatimiza miaka kumi,
wote watu wema, simdai mtu,
lakini nguo zangu zilikaa mfukoni, si kabatini,
na mkeka niliukunja kabla ya kuambiwa.

Wiki ya nne akazishinda ngazi. Kupanda kwanza.
Kushuka kulitaka siku tano na vipande vya jibini,
na Bwana Petrie wa chini, ambaye kwa miaka kumi na mmoja
hatujazungumza ila habari za mapipa ya taka,
akatoka na soksi zake, akapiga magoti kwenye sakafu baridi
akimwita kwa mluzi.
Siku hiyo nikajua anaitwa Hamish. Bwana Petrie, namaanisha.

Wiki ya sita, watu wa Arbroath:
mama, baba, na kijana mdogo asiye na maneno mengi.
Wazazi waliita, walipiga makofi, walitikisa pakiti.
Mtoto alijilaza chali zuliani,
akatazama dari, akangoja.
Mgeni alizunguka mara mbili
kisha akaegemeza kidevu chake kwenye mbavu za yule mtoto
na kushusha pumzi ambayo kwangu hakuwahi kuishusha.

Blanketi lake sikulifua. Walidhani nimesahau.
Garini hakugeuka nyuma.
Nilifurahi hakugeuka.
Nilikasirika hadi chakula cha usiku.

"Mgeni wako?" Mama akauliza Ijumaa.
"Amechukuliwa."
"Wa kusubiri tena, au wa kukaa?"
"Wa kukaa, Mama."
Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, kule kwake, polepole.
Hatukusema zaidi.

Eilidh ameshaandika: yuko jike mzee, miguu mitatu,
hapendi wanaume wenye kofia.
Sijamjibu.

Leo nimevuta mashine ya kufulia ili nipige deki,
nikakuta udongo bado, kiasi cha kijiko,
na manyoya mawili ya rangi ya chai.
Udongo nimeurudisha kwenye chungu.