Isyonje, Saa Moja Kasorobo

Miaka tisa naipanda barabara hii
na ninachokijua ni mashimo yake:
lile la kabla ya kanisa, lile lililonilia rimu,
na kona ambapo redio hukohoa, ikafa.
Mlima Rungwe nauona kwenye kioo cha pembeni,
kipande kwa kipande, kama ninavyolipa madeni.

Leo ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti.
Nawasha waipa, nafuta, unarudi.
Magunia ya viazi yamesimama ukingoni
na vilemba vyao vya majani.
La kwanza nikalipungia mkono, nikidhani ni mtu.

Pale wanapopanua barabara yupo Subilaga
(jina kaliandika kwa wino mgongoni mwa kizibao),
mshika kibao: kijani huku, nyekundu kule.
Akatugeuzia kijani. Nikatia gia.
Akageuza tena nyekundu,
akachuchumaa.

Nyuma yangu Fuso la ndizi likapiga honi.
Nikashusha kioo nigombe.
Ikaingia baridi, na harufu ya udongo uliokatwa jana,
na maji,
mahali fulani chini ya mikaratusi, maji yanateremka.
Miaka tisa. Sikujua kuna mto.

Kinyonga. Wa pembe tatu, kijani cha jani la mgomba
lisilojafunguka, mguu mmoja hewani
kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha nyumbani.
Anasogea. Anarudi. Anasogea.
Jicho moja lanitazama mimi,
la pili linatazama anakokwenda.
Mimi na mawili yangu
yote nimeyaelekeza kwenye saa.

"Usimguse," akasema dereva wa Fuso. Ameshuka,
mikono kwapani kwa baridi, hasira ya honi imemwisha.
"Bibi yangu alikuwa anamkimbia huyo."
"Hata wangu," Subilaga akajibu, asikimbie.
Akamshikia kibao, lori, basi dogo na mimi,
mpaka mkia, umejikunja kama futi ya fundi,
ukazama kwenye nyasi.

Mjini daftari lilishapigwa mstari mwekundu.
Mzee Mwakalobo akanisogezea kalamu: sababu?
Nikaandika, foleni.
Si uongo. Tulikuwa wengi
na wa mbele hakuwa na haraka.

Jina la mto sijamuuliza mtu bado.