Tamu, kwa Leo

Daftari la visima vya Shela lina safu mbili:
TAMU na CHUMVI.
Aliyechora mistari hakuacha hata nafasi ya kukohoa.

Mimi ni karani, naandika ninachoambiwa.
Bi Somoe huchota kwa kata ya kifuu,
husukutua, hutema mchangani,
huchota tena, humeza, hutazama matuta
kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani.
Kisha husema: "Tamu, kwa leo."
Nami kwa miaka kumi na mmoja niliandika *Tamu*,
hiyo "kwa leo" nikaiacha ikauke pale pale kisimani,
kwa kuwa safu ni nyembamba
na mkubwa wangu hapendi maneno yenye mkia.

Mwezi wa Rajabu, kisima cha tatu, alisema tamu.
Punda wakashuka na madumu,
na kwenye hitima ya Bwanaheri
maziwa yakakatika ndani ya birika.
Chai ikanyweka kama supu ya pweza
isiyo na pweza.
Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka:
Athman Shee, mwenye figo moja,
alikuwa ameyanywa maji yale siku tisa.

Akaja Kirui, kijana wa kipimo,
akamuuliza kwa adabu:
"Mama, ulijua, au ulidhani?"
"Nilijua."
"Lakini yalikuwa chumvi."
"Yalikuwa chumvi."
"Basi hukujua."
Bi Somoe akakusanya buibui magotini.
"Nimeonja maji haya kabla mama yako hajaposwa.
Ukininyang'anya neno *kujua* kwa siku ile moja,
nitafutie neno la siku zile nyingine."

Kirui hakuwa nalo. Nami sikuwa nalo.

Akaenda Matondoni kwa bintiye, siku tano.
Aliporudi, hata hakuvua viatu:
kisima cha tatu, akatema kabla maji hayajafika kooni.
Kisima cha uani kwake, akatema.
Akaketi ukingoni.
"Chumvi imehamia kwangu kidogo kidogo,
kama mgeni aletaye mto mmoja kila jioni.
Ulimi umemzoea, mpaka ukamwita mwenyeji."

Asubuhi moja tulimkuta Kirui nyuma ya bohari
akichovya kipimo chake ndani ya kichupa.
"Kumbe nacho hufundishwa?"
"Kila siku, mama. Hupotea."
"Hufundishwa na nani?"
"Na hiki kichupa."
"Na kichupa?"
Kirui akakigeuza. Kilikuwa na karatasi,
na karatasi ilikuwa na tarehe ya kuisha.
Bi Somoe hakumcheka. Alimpa kata, akaghani
kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele:

*Ulimi si mahakama,*
*hauhukumu daima;*
*huonja, hurudi nyuma,*
*kisha ukaonja tena.*

Lakini Athman alikuwa bado kitandani,
na ubeti haupunguzi uvimbe wa miguu.
Siku arobaini alimpelekea maji kichwani,
akayaonja mbele yake.
"Una hakika?" Athman humuuliza.
"Sina. Kunywa."
Naye hunywa.
Siku moja aliyaonja, akanyamaza,
akamwaga ndoo nzima kizingitini,
akarudi matutani juani, na umri ule.

Nimenunua penseli.
Nimechora safu ya tatu, imepinda kidogo,
sijaipa jina. Mkubwa ameiona,
ameuliza ni ya nini, nimesema
ni ya mkia.

Leo tuko kisima cha kwanza.
Amesukutua, ametema, amechota tena, amemeza.
"Tamu," amesema.
Penseli iko juu ya karatasi.
Anatazama matuta.
Sijaandika. Nasubiri.