Kamba ya Jezi

Hii kamba naifunga toka nguzo ya stima
hadi nondo ya dirisha la Mama Pendo,
miaka kumi na tisa, kila Jumatatu.
Zamani nilianika jezi thelathini na tatu:
za nyumbani, za ugenini, na zile za kijani
zilizoshonwa kwa sababu ya televisheni,
zikavaliwa mara moja tu, tukafungwa manne.

Leo naanika kumi na tatu.

Timu imeshuka.
Haikushuka kama mtu ashukavyo ngazi,
mkono ukutani, jicho kwenye mguu.
Imeshuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani:
msimu wa kwanza kiwanda cha magunia kikafungwa,
wa pili basi likapigwa mnada, na mto wa kocha Mghanga
ungali kwenye kiti cha mbele,
wa tatu wakaenda Kakamega kumi na mmoja kamili, bila wa akiba.
Kipa Dzombo alirudi kidole kimefungwa
kwa kitambaa cha nahodha.

Barua ilipokuja, mwenyekiti Tamimu
aliisoma mara mbili kwa sauti,
kama atafutaye mahali pa kukatia rufaa,
kisha akaniuliza mimi, mfua nguo,
kama chai ipo.
Chai ilikuwapo.
Sukari ndiyo haikuwapo.

Sasa twachezea Chaani, nyuma ya yadi ya makontena.
Mistari huchorwa kwa majivu; yakikosekana, kwa kisigino.
Kona ya kushoto ni ya mbuzi wa Karisa,
na refa keshazoea: hupiga filimbi, hungoja,
mbuzi wakipita mchezo waendelea.
Hakuna geti, hakuna tiketi.
Refa mwenyewe twamchangia.
Jumapili zilipungua shilingi themanini,
nikazitoa kwenye za sabuni.

Wapinzani walikuwa Gereji ya Magongo,
vijana wenye grisi kwenye kucha,
beki wao mmoja kavaa ovaroli.
Mtoto wao wa kubeba maji akanisogelea:
"Mama, hawa wenu ni timu ya wapi?"

Ya wapi!
Mwaka tulipomfunga bingwa
Mwembe Tayari hawakulala,
muuza mahamri aligawa sinia zima bure
kisha akaligeuza ngoma.
Yote hayo yalinijaa mdomoni.
Nikamwambia, "Ya hapa."

Tulifungwa mawili kwa moja.
Lakini hilo moja, jamani.
Mwachiro, goti limeshonwa mara mbili,
mke wake kamwambia aache, daktari kamwambia aache,
aliupokea mpira kifuani
akauteremsha taratibu, kama mtu
anayemlaza mtoto asije akaamka,
akaupiga kabla haujagusa vumbi.
Nyavu hatuna. Ulipita katikati ya miti miwili
ukaenda hadi chini ya lori.
Tulikuwa watazamaji kumi na wanne
na hakuna aliyepiga kelele.
Utingo alitambaa akautoa,
akaufuta kwa shati lake,
akaurudisha kwa mikono miwili.

Namba nne yuko Doha, analinda mlango wa benki.
Namba tisa ana bodaboda; akinipita hupiga honi
wala hasimami, na mimi simlaumu.
Namba kumi na nne sijui.
Jezi yake naifua vivyo hivyo, ingawa haina mtu;
nguo ikikaa sana kabatini hufanya madoa.

Mama Pendo amefungua dirisha.
"Kwani wewe bado wafua? Wanakulipa?"
Namwambia mtungi wa maji umepanda,
jana thelathini, leo arubaini.
Anacheka. Anajua sikumjibu.
Ananirushia vibanio vyake sita.

Namba saba ya Mwachiro ina alama ya mkono mgongoni,
vidole vitano vya grisi:
ovaroli lile lilimfuata baada ya bao
likampiga kofi la pongezi.
Nimeisugua kwa limau, nimeisugua kwa majivu.
Haitoki.
Nimeianika hivyo hivyo,
mgongo ukitazama barabarani.