Kifungu cha Tisa

Mimi ndiye niliyepiga chapa rasimu zake zote,
kwanza kwa taipureta isiyo na ritifaa
(ng'ombe wa mkoa mzima walikuwa ngombe
mpaka tulipoletewa kompyuta),
kwa hiyo msiniulize kama alikuwa mkali.
Alikuwa mkali.
Bi Nyanzobe Lubasha, Wakili wa Serikali,
ghorofa ya pili, dirisha la nyuma,
lililotazama mawe na pimbi wake
walioota jua kama wajumbe wa kamati
wanaosubiri posho.

Ziwa halikuonekana kutoka pale.
Tulilisikia kwa harufu tu, upepo ukigeuka
kutoka Kirumba, dagaa na dizeli,
naye bila kuinua kichwa:
"Karani, funga dirisha. Mlalamikaji ameingia."

Hakulipenda neno "inavyofaa".
Inavyofaa kwa nani? aliandika pembeni
kwa penseli nyekundu iliyobaki kijipande.
Wala "wananchi" hakulikubali likiwa peke yake.
Taja. Mvuvi? Mchuuzi?
Mwenye mtumbwi, au aliyeuazima?

Kisha ukaja mwaka wa nyavu.
Amri ilitoka juu, siku tatu, sheria iwe mezani.
Akakesha mbili:
*Wavu wowote wenye macho chini ya kipimo
utateketezwa.*
"Sentensi isiyo na mlango," alisema,
na alikuwa anajisifu. Nami nilimsifu.

Jumatano wakachoma pale Mwaloni.
Moshi wa nailoni, mweusi, mzito kama uji,
hata korongo wakahama mapaa.
Alikwenda kuiona sheria yake ikifanya kazi
akamkuta Bituro, mtu wa Ukerewe,
ameshika rula ya mwanawe wa darasa la nne,
anapima jicho la wavu, anapima tena,
"Tazameni basi, kipimo kimetimia, tazameni."
Mkaguzi akamsomea kifungu neno kwa neno.
Alisoma sawasawa.
Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atazame.

Wakili alisimama na mkoba wake.
Hakusema kitu.
Mtumishi haipingi Serikali hadharani,
hilo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha,
na siku ile sikujua nimshukuru au nimlaumu.

Kesho yake alifika kabla ya mfagizi.
"Andika: *baada ya mwenye mali kusikilizwa.*"
Maneno matano.

Miaka kumi na moja.
Jalada lilikwenda Dar, likarudi kwa kukosa barua ya juu.
Likaenda Dodoma, likakuta wizara imegawanywa.
Likapotea. Likaonekana limeegemeza mguu wa meza.
Waziri mpya, katibu mpya, sera mpya
yenye picha ya samaki.
Warsha tatu, hoteli ya Capri Point,
tukala sangara, tukaazimia wadau washirikishwe.
Mara saba niliyapiga chapa maneno yale yale.
Mara moja alilipeleka mwenyewe kwa treni,
jalada mapajani usiku kucha,
akakataa kuliweka juu na mizigo ya watu.

Yalipopita, yalitoka ukurasa wa ndani.
Jina lake halimo; la mwandishi wa sheria huwa halimo.
Akasoma, akavua miwani, akacheka:
"Karani, koma imehama."

Ijumaa tulimuaga. Soda, hotuba,
saa ya ukutani, doti ya kanga.
Mkuu wa ofisi alizihesabu awamu alizozitumikia
akakosea moja. Hakumsahihisha.
Alishukuru kwa nusu dakika.

Tulipokuwa tunatoa vitu kwenye droo yake
nikaiona rula ya plastiki, imepasuka kwenye sita,
jina la mtoto limechorwa kwa msumari,
halisomeki vizuri.
Bituro siku hizi anaziba pancha Nansio,
ziwani harudi, nimeambiwa.
"Hii nayo niifungie?"
Akaichukua, akaifuta kwa upindo wa kanga mpya.
"Hiyo iache. Mwenye mali hajasikilizwa."

Kisha akaniomba nimwitie bajaji.